Niliandika "vifaa vya usafi"

Kitabu changu cha hati za mizigo cha mwaka 2020 bado ninacho. Kuna ukurasa mmoja umekunjwa kona, una mstari wa mwandiko wangu mwenyewe: "Vifaa vya usafi, vipande 31, Kondoa." Mwandiko umenyooka, maana sikuwa na haraka siku ile. Kazi nilikuwa nimeshaifanya miaka minne, na nilijiona naijua.

Mimi ni karani wa mizigo. Ghala letu liko upande wa Kizota, hapa Dodoma. Mizigo inafika usiku kutoka Dar es Salaam, asubuhi tunaigawa kwenye fuso: moja Mpwapwa, moja Manyoni hadi Singida, moja Kondoa. Napokea, nahesabu, naandika, nakata risiti, kisha namwambia mzee anayesimamia wapakiaji nini kiingie wapi. Hilo la mwisho sikuwahi kufundishwa na mtu. Tulikuwa na sheria mbili tu: kizito kikae chini, na cha kushuka mwisho kiingie kwanza.

Vile vipande 31 vilikuwa vya mama mmoja mwenye duka Kondoa, sisi tunamwita Mama Kondoa basi. Mwaka ule wa korona nani hakutaka jiki? Ndoo za kunawia zilikuwa kila mlango, na wenye maduka ya wilayani walichukua chochote chenye harufu ya klorini. (Nasema jiki kama tunavyosema sote, chupa iwe na jina lolote.) Mzigo wake ulikuwa hivi: katoni 18 za jiki ya chupa, katoni mbili za ile dawa ya asidi ya kuondoa utando wa choo, mafungu matano ya mafagio na brashi, na madumu sita ya lita 20 yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito JIKI KALI. Madumu yenyewe yalikuwa ya mafuta ya kula, yameoshwa yakajazwa upya. Chini ya kila kizibo mtu alikuwa ameweka kipande cha nailoni na kukaza kwa nguvu zake zote, jiki isivuje. Nakumbuka nilimsifu moyoni.

Sasa, mafagio ni vifaa vya usafi, na jiki, na asidi ya choo pia. Nikajumlisha, nikaandika mstari mmoja.

Kwenye fuso ileile kulikuwa na sufuria za alumini za mzee mmoja muuza vyombo, seti zilizopachikwa moja ndani ya nyingine na kufungwa nailoni. "Mwanangu, hizi ngumu, zinabeba," mzee wa wapakiaji akaniambia, nami nikakubali. Sufuria zikaingia chini. Madumu yakapangwa juu yake, yamesimama vizuri, yamebanwa na katoni ili yasiyumbe. Zile katoni mbili za asidi zilijaza pengo lililobaki pembeni. Turubai likavutwa, kamba zikakazwa. Ilikuwa Novemba, mvua hazijaanza, jua la saa sita la Dodoma linashuka moja kwa moja utosini.

Barabara ya Kondoa siku hizi ni lami tupu, hakuna kurushwarushwa. Kwa hiyo sikuwa na hata mtikisiko wa kusingizia. Baada ya Mayamaya utingo, aliyekuwa amejilaza juu ya mzigo chini ya turubai (najua, hairuhusiwi, na sasa kwetu hafanyi mtu), alisikia mlio kama wa soda inayofunguliwa. Alipogeuka paja lilikuwa limelowa. Aligusa akaona panateleza, akasema moyoni ni sabuni, akalala tena. Alihamia kwa dereva baadaye, kwa sababu macho yalianza kumwasha na kikohozi kikamjia.

Walifika Kondoa jioni, wapakuaji wameshatawanyika, mzigo ukalala ndani ya gari hadi asubuhi.

Simu ya kwanza ilikuwa ya utingo. "Dada, ile sabuni ya Mama Kondoa ni sabuni gani? Paja limekuwa jekundu, linaungua." Nikamwambia si sabuni, ni jiki, akaoshe kwa maji mengi. Akanijibu ameshapaka mafuta ya kupikia. Nilipandisha sauti: bombani, maji ya kutiririka, robo saa nzima, suruali ivuliwe itupwe pembeni. Hilo nililijua kwa kubahatisha tu, na baadaye nikakuta ndivyo inavyotakiwa, ila robo saa ni kiwango cha chini na yeye alikuwa amechelewa usiku kucha. Zahanati walimfunga kidonda, akapona na kovu la ukubwa wa kiganja.

Ule utelezi nimeufikiria sana. Jiki kali huwekwa kostiki soda kidogo ili isipoteze nguvu haraka, na kostiki soda ikikutana na mafuta ya ngozi hufanya kilekile inachofanya ndani ya sufuria ya mtengeneza sabuni. Kwa hiyo utingo hakukosea sana. Aliyoyashika yalikuwa sabuni kweli, ila mafuta yake yalitoka kwenye paja lake.

Simu ya pili ilikuwa ya mzee wa sufuria, naye alisema maneno matatu: "Sufuria zangu zimeliwa."

Nilizikuta ziliporudishwa. Jiki ilikuwa imechuruzika kutoka dumu moja lililofungua kizibo, na la pili lililokuwa limevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, ikatuama ndani ya zile sufuria za kati usiku mzima. Za juu zilikuwa na unga mweupe. Za kati zilikuwa nyeusi, na ukizisugua unakuta vishimo vidogovidogo kama uso wa mtu aliyeponea ndui. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba usioonekana. Vitu vya jamii ya magadi huuyeyusha ule utando, na baada ya hapo kinacholiwa ni chuma chenyewe, kinatoa na povu la gesi.

Bosi wangu hakuamini. "Jiki? Mke wangu anafulia mashati yangu nayo!" Na kuhusu mashati yake alisema kweli. Ndipo ubishi ulipoanza: mzee wa sufuria anasema tulipakia kemikali juu ya mali yake bila kumwambia, bosi anasema kitu kinachouzwa duka la mtaani si kemikali, Mama Kondoa anasema yeye alileta jiki na jiki aliiandika kwenye dumu kwa herufi kubwa, aliyeandika kitu kingine ni karani. Hapo kila mtu akanigeukia.

Nikaomba karatasi. Msambazaji wa Dar alinitumia kwa WhatsApp, kurasa tisa za Kiingereza, ile wanayoiita karatasi ya usalama wa kemikali. Inakuwa na sehemu 16 popote duniani, kwa mpangilio uleule, na sehemu ya 14 ndiyo ya usafirishaji. Niliisoma na mdogo wangu aliyekuwa anasoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma, tumekaa nje Miyuji jioni, yeye anatafsiri, mimi naandika nyuma ya kalenda. Sehemu ya 14 ilikuwa na mistari minne tu. Namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha mzigo wa hatari: 1791. Jina la kusafirishia: myeyusho wa haipokloraiti, ndiyo jiki yenyewe. Daraja: 8. Kundi la ufungashaji: III.

Daraja la 8 ni vitu babuzi. Alama yake nimeibandika ukutani: mraba uliosimama kwa kona, juu mweupe, chini mweusi, na vichupa viwili vinamwaga, kimoja juu ya mkono, kingine juu ya kipande cha chuma. Mdogo wangu aliniambia jambo lililonikaa. Sisi tukisema babuzi tunawaza ngozi, maana kubabua ni kwa ngozi. Kwa chuma tunasema kuliwa. Kwenye lugha yetu ni vitenzi viwili, kwenye kitabu cha Umoja wa Mataifa cha kusafirisha mizigo ya hatari, kile chenye jalada la rangi ya chungwa, ni daraja moja. Paja la utingo na sufuria za mzee vilikuwa kesi moja. Nilivitenganisha mimi.

Makundi ya ufungashaji yapo matatu, na kwa daraja hili yanatokana na saa. Kitu kinachoua ngozi hadi tabaka la chini kabisa kwa kugusana nayo dakika tatu au pungufu ni kundi la I. Zaidi ya dakika tatu hadi saa moja ni la II. Zaidi ya saa moja hadi saa nne ni la III. Kisha kuna mlango wa pembeni: kitu kisichotoboa ngozi hivyo, lakini kinakula chuma cha pua au alumini kwa kasi ya zaidi ya milimita 6.25 kwa mwaka, kikipimwa kwenye joto la nyuzi 55, nacho kinaingia kundi la III. Bosi alicheka hapo. Nani anasafiri mwaka mzima kwenda Kondoa? Lakini kile ni kipimo cha kasi, kama kilomita kwa saa. Huhitaji kusubiri saa nzima ipite ndipo ujue gari linakimbia. Na kuhusu nyuzi 55, nilimwambia aingize mkono chini ya turubai saa nane mchana.

Je, kila jiki ni daraja la 8? Hapa nilitarajia jibu la ndiyo au hapana, sikulipata, na nimekuja kuona ni vizuri sikulipata. Karatasi niliyoisoma ilikuwa ya madumu halisi ya msambazaji. Jiki ya chupa tunayoizoea ina klorini ya asilimia 3 na ushee. Muuguzi mmoja aliwahi kunipa hesabu yao ya kusafishia vifaa: jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita, unapata asilimia 0.5. Zile za madumu huanzia asilimia 10 na kupanda. Kadiri nguvu na kostiki soda vinavyoongezeka ndivyo kitu kinavyosogea ndani ya daraja, na zile hafifu zinaweza kuwa upande huu au ule wa mstari kulingana na zilivyochanganywa na zilivyopimwa. Anayejua ni mtengenezaji, na anayaandika kwenye sehemu ya 14. Mimi karani siwezi kujua kwa kunusa, wala kwa kuangalia rangi ya kizibo. Ninachoweza ni kudai karatasi. Na dumu la mafuta ya kula lililoandikwa JIKI KALI halina karatasi, halina asilimia, halina hata tarehe ya kujazwa. Hata yule muuguzi angefanyia wapi hesabu yake ya moja kwa sita?

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kitabu chenyewe hakina ugomvi na katoni. Nilidhani tukishaiita jiki mzigo wa hatari basi kila chupa itataka askari. Kumbe kwa kundi la III, chombo cha ndani kisichozidi lita 5, kikiwa ndani ya katoni imara isiyozidi kilo 30 kwa jumla, kinahesabiwa kiasi kidogo. Kinabeba alama yake rahisi, mraba wa kona wenye pembe nyeusi juu na chini, na masharti mengi yanalegezwa. Kwa nini? Kwa sababu chupa moja ikipasuka ndani ya katoni, kilichomwagika ni chupa moja, na katoni inakunywa nusu yake. Dumu la lita 20 likifunguka, ni lita 20. Kioevu kilekile. Kwa hiyo bosi na mashati yake, na mzee na sufuria zake, wote walikuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa ujazo wake.

Kuhusu kuvimba, kosa lilikuwa la kile kipande cha nailoni nilichokisifu. Jiki haitulii. Inajivunja taratibu, inatoa oksijeni, na joto na mwanga vinaiharakisha, na ile kali hujivunja upesi kuliko hafifu. Gesi inataka pa kutokea. Kwa jiki ya kundi la II kitabu kinaagiza kabisa chombo kiwe na tundu la kupumulia, na watengenezaji wa madumu halisi wana vizibo vya namna hiyo, vinaachia hewa bila kuachia maji, mradi dumu lisimame. Yule aliyekaza na nailoni alikuwa anazuia mvujo mdogo, akatengeneza mlipuko mdogo.

Nimeacha asidi makusudi hadi hapa, kwa sababu ndiyo inayoniamsha usiku hadi leo. Zile katoni mbili za dawa ya choo zilikuwa pembeni mwa madumu. Boksi zilikutwa zimelowa chini. Chupa za ndani hazikufunguka. Kama moja ingekuwa imelegea kizibo, jiki na asidi vingekutana na kutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika vitani Ubelgiji mwaka 1915, nzito kuliko hewa, inayojikalia chini na kujaza mashimo. Na chini ya turubai alikuwepo kijana wa watu amelala. Utingo alisema kikohozi kilimjia, na ile ilikuwa jiki peke yake. Sikuwahi kumweleza mama yake jambo hili, ingawa namfahamu na tunasalimiana sokoni Majengo.

Tulilipa seti zote za sufuria. Sehemu ilikatwa kwenye mshahara wangu kwa miezi mitatu, na sikubishana, ingawa mume wangu alibishana kwa niaba yangu kila mwisho wa mwezi.

Baada ya hapo nilibadilisha kitu kimoja, na vingine vikafuata vyenyewe. Nilifuta neno "vifaa vya usafi" kwenye vitabu vyetu. Mafagio yanaandikwa mafagio. Jiki inaandikwa jiki, chupa au dumu, asilimia ngapi, 1791 kama karatasi inasema hivyo. Asidi inaandikwa asidi. Ukishaandika hivyo, mikono ya wapakiaji inajua pa kwenda. Yule mzee wa wapakiaji ni Mgogo wa Bahi, amefuga maisha yake yote, na hakuhitaji kurasa tisa. Nilipomweleza akasema, "Kumbe ni kama fahali wawili, huwafungi zizi moja." Sasa jiki inakaa mkia wa gari chini, imesimama, asidi inakwenda na gari la siku nyingine, na juu ya jiki hakuna kitu, chini yake hakuna chuma. Vyakula sitaji hata. Ndani ya kebini ya dereva kuna dumu la maji safi lililoandikwa USINYWE, OSHEA, na huwa linanyweka hata hivyo.

Nilikwenda pia kuuliza habari za sheria, maana nilijua lazima ipo. Ipo tangu 2003, na jina lake ndilo lililonifanya nikae chini: Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Na Majumbani. Nilimpigia picha bosi lile jalada, nikazungushia duara neno la mwisho, nikamtumia bila maelezo. Alijibu kwa kidole gumba.

Mama Kondoa bado ni mteja wetu. Ilichukua muda. Madumu yake ya mafuta tuliyakataa, akanunua mapya yenye vizibo vinavyopumua, na kwa kuwa asidi yake inapanda siku tofauti analipa nauli mbili, jambo analolisema kila anapofika, kabla hata ya kuketi. Wiki iliyopita alikuja na madumu manne. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaanza.

"Mwanangu, jiki ni jiki. Nauli ya nini mara mbili?"

Nikamwonyesha kwa kidole kabatini. Ipo sufuria moja ya yule mzee niliyoomba nibaki nayo, ya kati, ile nyeusi, naihifadhia kalamu. Mama Kondoa aliishusha, akamwaga kalamu zangu mezani, akaigeuza kuelekea dirishani, akapitisha kidole kwenye vishimo.

"Hii ungeniuzia tu," akasema. "Kuku wangu hawachagui chombo."

Nikamkatia risiti mbili.